Vilele viwili kwenye grafu: kipi ni resonansi ya kantileva?

Swali

Habari zenu, ndugu. Ninatumia hadubini ya nguvu za atomi kwa njia ya kugonga, na kantileva yangu (kijiti chembamba chenye ncha inayogonga sampuli) ni ya silikoni yenye urefu wa mikromita 125, ambayo kwenye boksi lake imeandikwa resonansi, yaani masafa ambayo hutikisika kwa nguvu zaidi, ya kHz 300, ingawa mtengenezaji anaruhusu kuanzia 200 hadi 400. Nikipitisha masafa yote hayo, ninaona vilele viwili: kimoja chembamba kwenye 287, na kingine kirefu zaidi, lakini kinene, kwenye 312. Programu huchagua kile kirefu, na picha zinatoka na ukungu hata ncha ikiwa mpya. Nitakitambuaje kilele cha kweli?

Jibu la kwanza

Ndugu, usiiachie programu uamuzi huo, kwani yenyewe hutazama urefu tu. Piezo, yaani kipande kinachotikisika kwa umeme, haitikisi kantileva peke yake, bali hutikisa pia chipu inayoibeba na kibanio chake, navyo vina mitetemo yao. Kantileva ya aina hiyo ikiwa hewani huwa na Q (masafa ya kilele yakigawanywa kwa upana wake) ya mamia kadhaa, kwa hiyo kilele chake hakitarajiwi kuzidi upana wa kHz 1 au 2. Legeza kibanio, itoe chipu, uirudishe, kisha upime tena: kilele cha kibanio kitahama, cha kantileva kitabaki palepale.

Muulizaji

Nimefanya hivyo. Kile cha 312 kimehamia 319, na cha 287 hakikusogea. Upana wa hicho cha 287 ni kHz 0.7, yaani Q ya takriban 400.

Jibu la pili

Basi ulipokuwa kwenye 312 ulikuwa ukipima zaidi mtikisiko wa kibanio. Wala 287 isikutie shaka kwa kutofautiana na boksi: masafa hufuata unene moja kwa moja, hivyo kwenye kantileva yenye unene wa mikromita 4, tofauti ya nusu mikromita tu huyahamisha kwa sehemu ya nane.

Kuna ushahidi ninaouamini kuliko wote: zima piezo kabisa. Joto la chumba lenyewe huitikisa kantileva, na kwa ugumu wa N/m 40 mtikisiko huo ni wastani wa pikomita 10 hivi. Ni mdogo mno, lakini ukikusanya spektra (grafu za mtikisiko kwa kila masafa) nyingi na kuzitafutia wastani, kilele huchomoza juu ya kelele, na hapo hakuna mtikisiko wa piezo wa kukudanganya. Hakikisha tu kwamba kifaa kinasoma zaidi ya mara 574,000 kwa sekunde, yaani mara mbili ya kHz 287, la sivyo kilele kitajitokeza mahali pasipo pake. Ukija kufanya kazi ndani ya maji, njia hii utaihitaji zaidi, kwa kuwa huko Q hushuka sana, masafa yenyewe hupungua mno, na piezo hutoa msitu wa vilele.

Mwisho, pima tena ncha ikiwa imekaribia sampuli, kwa sababu hewa inayobanwa katikati huisogeza resonansi kidogo.