Gari la betri mbili: nibadilishe ndogo tu au zote?

Wakuu, naomba ushauri. Gari langu huzima injini lenyewe kwenye foleni, ukiachia breki linawaka. Siku hizi halizimi, hata jam ya Wandegeya hapa Kampala, na dashibodi inalalamikia betri saidizi. Ile kubwa ya AGM (aina ambayo asidi imenyonywa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo, haichezi kama maji) inapiga stata vizuri tu. Ndogo, ninavyoelewa, hulinda umeme wa redio, taa na kompyuta stata inapovuta, volti zisiporomoke. Nimezipima asubuhi kabla ya kuwasha: kubwa 12.6, ndogo 11.8. Fundi wangu wa Katwe anataka kuing'oa hiyo ndogo aunganishe waya moja kwa moja (mafundi wetu na njia za mkato!), nimemkatalia. Je, nibadilishe ndogo pekee? Na betri ya maji ya kawaida itafaa, maana AGM bei yake inauma?