Tupeane uzoefu: Maombi ya kumbukumbu ya Agosti 7 yalikusaidiaje?

Muuza Vitabu
Habari zenu wadau. Kila Agosti 7 nafunga kibanda mapema, nashuka hadi Bustani ya Kumbukumbu hapa Nairobi, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie. Siku hiyo mwaka 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa kwa bomu, dada yangu alikuwa akisomea uhazili Ufundi House, jengo la jirani. Jengo lile liliporomoka lote. Mimi na baba tulizunguka hospitali na mochari siku tano, picha yake ya pasipoti mkononi.

Miaka mingi sikukanyaga pale. Nilipojikaza kwenda, nilitafuta jina lake ukutani kati ya yale majina zaidi ya 200, nikalipitishia kidole herufi kwa herufi. Mama mmoja aliyejitanda buibui akaniuliza, "Wako ni yupi, mwanangu?" Nikamwonyesha, naye akanionyesha wake. Tukashikana mikono tukaomba, kila mtu kwa dini yake. Siku hiyo ndipo nililia, na baba alikuwa keshazikwa.

Wenzangu mliofiwa au mlioumia, maombi ya pamoja yaliwafanyia nini?

Mzee wa Ghorofa ya Saba
Kijana wangu, pole. Sisi tulisikia mlipuko mdogo kwanza, tukakimbilia madirishani kuchungulia. Mkubwa ulipofuata, vioo vyote vikatuingia usoni. Jicho langu la kulia likaenda. Vipande viliendelea kunitoka kichwani hadi 2003. Najikuna tu, nashika kigae.

Sitaficha, ibada za kwanza zilinikwaza. Hotuba ndefu, wakubwa wanapanda magari, sisi tunabaki na karatasi za dawa zisizo na wa kuzilipia. Kilichoniinua ni kikundi chetu cha tuliopoteza macho. Jumamosi tunafungua kwa sala, kisha kila mtu anasema lililomkaa rohoni, hata likichukua saa nzima. Rafiki yangu mmoja alikaa miezi minne bila kusema neno. Siku aliyosema, alisimulia rangi ya shati alilovaa mwanawe asubuhi ile. Tulinyamaza naye. Alifariki mwaka juzi.

Ummu wa Eastleigh
Poleni sana. Watu husahau kwamba Waislamu nasi tulizika. Mjomba wangu tulimsomea khitma, na majirani Wakristo walikaa nasi barazani hadi usiku. Tuliwaombea na wale 11 wa Dar es Salaam, waliokufa asubuhi ile ile ubalozi wa Marekani wa huko ulipolipuliwa.

Binamu
Mimi ni wa Garissa, Aprili 2, 2015. Binamu yangu alikuwa miongoni mwa wale wanafunzi waliouawa na magaidi chuo kikuu. Miili ililetwa huku Nairobi, tukangoja mochari ya Chiromo siku kadhaa. Akina mama fulani wakaja na ndoo ya uji na vikombe vya plastiki. Hawakuhubiri. Mmoja alinishika bega hadi jina letu likaitwa.

Muuza Vitabu
Asanteni, nimesoma yote. Mzee, Agosti 7 nitakuwa karibu na ukuta kuanzia saa nne, nimevaa koti la kijivu. Ukija, uniambie jina la yule mtoto wa rafiki yako. Nitalisoma pamoja na la dada.