Naombeni ushauri, baiskeli ya kulalia kwenye mchanga wa Msimbati

Wakuu habari za mchana, niko Mtwara hapa, kuna mzee alikua anarudi kwao Ujerumani akaniachia baiskeli yake ya kulalia, ile unakaa umeegemea kama upo kwenye kochi na miguu inapiga pedeli huko mbele. Kwenye lami kuelekea Mikindani ni raha tupu, mgongo hauumi, makalio hayaumi, sema watoto wananikimbiza wanapiga kelele "mgonjwa huyoo".

Shida ni barabara za vumbi. Juzi nilienda Msimbati, nikikuta tu mchanga mwingi tairi la mbele (inchi 20, la nyuma 26) linazama linakata kona lenyewe, na huwezi kusimama kwenye pedeli kama baiskeli ya kawaida uhamishe uzito, umelala tu unasubiri kudondoka, nimekula mchanga mara tatu. Halafu kwenye vilima vidogo mle kwenye mikorosho nikishusha giya bado nguvu inaisha nakosa balansi, mguu ukigusa chini unavutwa nyuma chini ya siti, nusura nivunjike kifundo.

Sasa nimepunguza upepo kidogo, afadhali ila bado. Je nitafute tairi pana la mbele, na litaingia kwenye foku hiyo? Au nikamuone fundi anichomelee iwe ya magurudumu matatu, mawili mbele? Cheni yenyewe ndefu balaa, ikikatika sijui nitaunga na nini. Mwezi ujao nataka kupanda nayo Newala, aliyewahi kuendesha dude hili porini anisaidie, msiniambie niuze.