Tembre za Katanga za babu, niuze wapi?

Mtoto wa Katuba: Yambo bayaya. Babu alikuwa mtu wa posta, alituachia alibamu ya tembre (stempu za barua), mingi ni zile za maua za Kongo ya Wabeljiji zenye walipiga juu yake neno KATANGA, wakati Katanga ilijitenga na Kongo, na anvelopu kadhaa zenye kashe (muhuri wa posta) ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ya 1961. Kuko mtu wa mjini anataka yote kwa dola makumi mbili, sasa nimupe ao nitume kwenye mnada Ubelgiji?

Yaya wa Kenya (komini ya Lubumbashi): Leki, usiuze kwanza! Na usibandue tembre kwenye anvelopu, usitie ndani ya maji, anvelopu nzima yenye kashe safi njo iko na bei. Lakini usijidanganye pia, za maua ziko mingi, wakusanyaji waliziweka sana tangu 1960 mpaka 1963, moja moja ni bei ya chini tu. Na lile neno KATANGA watu wanaligushi, hapo wanunuzi wanataka cheti cha mtaalamu.

Mzee Posta: Hesabu makato, mwanangu. Mnada unakukata komisyo, na mnunuzi naye analipa asilimia juu ya bei ya nyundo (ile mnada unafungia), njo maana anajizuia kupandisha. Omba bei ya mwisho chini, ile wasiuze chini yake, iandikwe mbele. Picha piga pande zote mbili, gundi ya nyuma wanaiangalia sana.

Mtoto wa Katuba: Aksanti baba. Kuko moja KATANGA imepinduka kichwa chini, ile?

Yaya wa Kenya: Eeh! Ile ni kosa la kupiga, inaweza kuwa na bei, tafutia cheti kwanza, na mtu wa makumi mbili asiione.