Paipulaini ipewe uadmini wa klasta nzima: ndiyo au hapana?

Mtoa mada:
Wakuu, tulijadili hili bila kuoneana haya. Timu nyingi zinazoendesha programu zao kwenye kontena kwa Kubernetes (mfumo wa kusimamia kontena kwenye kundi la seva, yaani klasta) zimeigeuza paipulaini, mtambo unaojenga na kupandisha matoleo, kuwa admini. Tokeni (ufunguo wa kidijitali) yenye jukumu la cluster-admin, yaani ruhusa ya kufanya lolote kwenye klasta, inawekwa kwenye siri za CI, huduma inayoendesha paipulaini; msimbo ukiingia tawi kuu toleo jipya linapanda lenyewe. Mimi nasema hapana, kwa sababu tunajidanganya kuhusu nani hasa ni admini.

Orodha rasmi inaweza kuwa na wahandisi wawili tu. Ila yeyote anayeweza kuhariri faili la paipulaini anaweza kuituma tokeni ile popote: isome siri (nywila na funguo) za kila neimspesi (sehemu iliyotengwa ndani ya klasta), ifute data, ianzishe podi (kifurushi cha kontena) inayoshika diski ya seva yenyewe. Na si wafanyakazi pekee. Kila programu-jalizi ya watu wa nje mnayoiita humo inaweza kuzifikia siri za kazi hiyo. Machi 2025 programu-jalizi ya tj-actions/changed-files, iliyokuwa ikitumiwa na hazina za msimbo zaidi ya 23,000 kwenye GitHub, ilichezewa ikawa inamwaga siri kwenye logi. Januari 2023 CircleCI, huduma ya CI, iliwataka wateja wabadilishe siri zote walizohifadhi kwake. Siku kama hiyo, mwenye tokeni ya neimspesi moja na mwenye cluster-admin hawalali usingizi mmoja.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, nadharia tamu. Toleo likija na CRD (aina mpya ya kitu ndani ya Kubernetes), ClusterRole (jukumu la klasta nzima) au neimspesi mpya, ruhusa za neimspesi moja hazifui dafu, maana vitu hivyo ni vya klasta nzima. Kila mara ni tiketi kwa timu ya jukwaa: niongezeeni ruhusa hii, mmesahau ile. Watu wakichoka wanachukua kubeconfig (faili la kuingilia klasta) ya admini na kufanya kwa mkono kwenye laptopu. Bora paipulaini yenye nguvu ambayo kila hatua yake imeandikwa Git (rekodi ya mabadiliko ya msimbo), kuliko binadamu watano wenye faili hilo.

Mchangiaji wa pili:
Mbona mnagombana bure? Wekeni zana kama Argo CD au Flux ndani ya klasta, ivute mabadiliko kutoka Git. CI haina tokeni ya klasta, kesi imefungwa.

Mtoa mada:
Haijafungwa. Argo CD ikisakinishwa kwa mipangilio yake ya kawaida ya klasta nzima, kidhibiti chake kina ruhusa juu ya kila kitu, na mradi wake wa "default" unaruhusu chanzo chochote na rasilimali yoyote. Faida ipo, tokeni haikai tena nje. Lakini mtu akipitisha ClusterRoleBinding (hati ya kumpa mtu jukumu la klasta nzima) kwenye tawi kuu, Argo CD itampa uadmini kwa utiifu kamili. Tulishayaona haya kwa Tiller, sehemu ya Helm 2 (zana ya kusakinisha programu kwenye Kubernetes) iliyokaa ndani ya klasta, ambayo wengi waliipa cluster-admin ili kazi ziende. Helm 3 ikaja kuiondoa kabisa mwaka 2019.

Ndugu wa kwanza, la CRD nakubali nusu. Vitu hivyo hubadilika mara chache kuliko programu zenyewe, basi viwe na hazina yao, paipulaini yao, idhini ya mtu wa pili, na tokeni ya OIDC (utambulisho wa muda) inayokufa baada ya dakika chache. Programu za kawaida zipewe ServiceAccount (akaunti ya programu, si ya mtu) ya neimspesi yao. Hata hiyo si ndogo: anayeweza kuunda podi kwenye neimspesi anaweza kuzipachika siri za humo kwenye podi na kuzisoma, hata kama RBAC (kanuni za ruhusa za Kubernetes) haimruhusu kuzisoma moja kwa moja. Kwa hiyo msichanganye timu msizoaminiana sawa.

Na hilo la rekodi, Git inaonyesha kilichokusudiwa. Kilichotendeka kimo kwenye logi za ukaguzi za API (lango linalopokea amri za klasta), na huko paipulaini zote zikitumia akaunti moja mtaona jina moja tu, kila kosa ni la "deployer".

Mchangiaji wa tatu:
Sisi tuko watatu na klasta moja. Mmoja akiwa likizo na mwingine mgonjwa, idhini ya mtu wa pili nitaitoa wapi?

Mtoa mada:
Kwa watatu nisingewalazimisha. Ila msiweke cheti cha kundi la system:masters kwenye CI. Kundi hilo lina uadmini kamili na RBAC haiwezi kulibana, na Kubernetes haina njia ya kubatilisha cheti kimoja cha mteja. Kikivuja mnasubiri muda wake uishe au mnabadilisha CA nzima (mamlaka inayotia saini vyeti vyote). Tokeni ya ServiceAccount mnaweza kuiua kwa kuifuta akaunti.

Mchangiaji wa kwanza:
Sawa. Na Argo CD yenyewe ikianguka usiku, ufunguo wa dharura unakaa kwa nani?

Mtoa mada:
Kwa binadamu, mkuu. Uwe nje ya CI, na ukitumika tu, kila mtu kwenye timu apate taarifa. Nani apewe, hapo ndipo nataka kusikia wengine.