Tupeane uzoefu: ruzuku ya mbolea ilipoondolewa, kwenu mlivuna nini?

Shikamooni wakubwa. Nimekulia upande wa Wanging'ombe, Tanzania, iliyokuwa mkoa wa Iringa enzi hizo. Wanangu wanadhani shamba la babu yao lilichoka kwa uvivu wa wenyewe, na inaniuma. Naomba tukumbushane.

Enzi za NMC, shirika la umma lililonunua na kusaga nafaka, mahindi yalinunuliwa kwa bei moja nchi nzima. Uwe Songea, uwe Morogoro, nauli ya lori haikumhusu mkulima. Mbegu chotara na mbolea ya ruzuku vilifika hadi kijijini, ndipo Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma tukawa ghala la nchi. Ekari moja ya baba ilitoa gunia 18.

Kisha ruzuku ikaanza kupunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kufikia katikati ya miaka hiyo ikawa imekwisha. Baba akawa ananunua mfuko mmoja, mama anaugawa kwa kizibo cha soda, shina kwa shina, akiruka mstari mmoja. Msimu uliofuata hata huo mfuko hatukuumudu. Mahindi yakawa ya njano, tukavuna gunia 6. Ardhi ile ile, mikono ile ile, palizi mbili kama kawaida.

Mchangiaji, Mbozi: Kwa sisi wa kahawa si yote yalikuwa hasara. Chama cha ushirika kilichukua kahawa, malipo ya pili unayasubiri hadi mtoto anarudishwa nyumbani kwa ada. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa msimu wa 1994/95, tulilipwa taslimu pale pale kwenye mizani. Ila dawa na mbolea tulikuwa tunakopeshwa na chama, kinakata kwenye mauzo. Kila mtu alipoanza kuuza anakotaka, nani angekukopesha tena? Mibuni yangu ilikaa misimu mitatu bila dawa.

Mchangiaji, Songea vijijini: Huku lori liliacha kuja. Waliokuja kununua kwetu walikuwa walanguzi, na lumbesa zao, yale magunia yaliyojazwa kupita kipimo.

Mkuu wa Mbozi, hilo la mkopo sikulijua. Kumbe si bei peke yake, ni nani anabeba gharama kabla ya mavuno. Kwetu nafuu ilionekana vocha za pembejeo, yaani hati za ruzuku ya mbolea na mbegu, zilipoanza 2008, baba akiwa ameshatangulia.

Kama yupo aliyekuwa karani wa ghala miaka ile, atuambie: mfuko wa mbolea ya SA ulikuwa sawa na debe ngapi za mahindi kabla ya ruzuku kuondoka, na ngapi baada yake?