Naomba ushauri: kikundi chetu cha vipassana hapa Bukavu

Jambo ndugu zangu. Tuko kikundi kidogo hapa Ibanda, tunakutana Jumamosi kufanya taamuli ya vipassana (ya Kibuddha, ya kutulia na kutazama mwili na akili kama vilivyo), mwalimu hatuna. Wengine wanafuata njia ya mtawa Mahasi Sayadaw wa Burma: unafuatilia tumbo likipanda na kushuka, unataja kimoyomoyo kila kinachojitokeza. Wengine wanataka ya mwalimu Goenka, kupitisha akili mwilini toka kichwani hadi miguuni. Kuchanganya zote katika kikao kimoja kunatuvuruga, naona mimi. Kozi ya Goenka ni siku 10 za kimya na haina ada, lakini nauli ya kuifuata mbali je?

Tushike njia moja? Na mtu akilia katikati ya kikao (vita vimeacha mengi mioyoni huku), tumwache akae au tumtoe nje?